Usiulize inchi gani ni nzuri, uliza nani anakuchagua: Canada, Ujerumani, Uingereza, Afrika Kusini, Qatar na Amerika kwa mtu wa Lubumbashi

Kila siku ya posho kuna mtu anapita pale nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, na bahasha ya diplome mkononi, na swali ni lile lile: “Yaya, inchi gani iko muzuri ya kuenda kutumika?” Zamani nilikuwa najibu haraka, huyu Canada, yule Ujerumani, kufuatana na nilichosoma ile wiki. Nimeacha kujibu hivyo, juu nimeona watu wawili wa nyumba yetu wakichoma makuta na miaka, mudogo wangu ambaye ni fundi wa umeme wa migodini, na binti ya mama mukubwa ambaye ni muuguzi, infirmière A1 (ni ngazi ya diplome ya chuo) wa ISTM, chuo cha mambo ya afya, na kosa lao lilikuwa moja tu: walichagua inchi kwanza, hawakuuliza ile inchi inachagua watu kwa njia gani.

Na njia zenyewe haziko nyingi. Kuna inchi inakupima wewe mwenyewe kwa pointi, umri, masomo, luga, kazi, na ukipita unaingia hata kama hakuna bosi hata mmoja anayekujua. Kuna inchi inasema sisi hatukujui, tafuta bosi, yeye njo atakuombea. Kuna inchi inapatana na serikali ya inchi ingine, na kama serikali yako haiko kwenye ile karatasi basi na wewe hauko. Halafu kuna kura, jina linaingia kwenye kompyuta, linatoka ama halitoki. Inchi nyingi zinachanganya lakini daima kuna njia moja inabeba uzito, na hiyo njo inaamua mambo matatu ya maisha yako: utatoa makuta ngapi mbele ya kupata jibu, ukifika utaweza kuacha kazi mbaya ama hapana, na bibi na watoto watakufuata ama watabaki. Kwa hiyo ntalinganisha kwa hayo matatu, si kwa theluji na uzuri wa barabara.

Canada: wanakupima wewe

Canada njo walianza mambo ya pointi, mwaka 1967. Mbele ya hapo walikuwa wanaangalia umetoka inchi gani na rangi yako, pointi zilikuja kumalizia kuondoa ile. Tangu Januari 2015 mlango mkubwa unaitwa Express Entry. Unafungua profaili yako onlaini bila kulipa kitu, unapewa pointi juu ya 1,200, unakaa kwenye foleni na watu wa dunia nzima, na kila baada ya muda serikali inavuta wale wa juu. Hata kuingia kwenye foleni kuna kipimo chake, kwa wafanyakazi wenye ujuzi wanaotoka inje ni 67 juu ya 100: luga 28, masomo 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, na mengine madogo, tena uwe umefanya kazi ya ujuzi angalau mwaka mzima bila kukatika.

Umri uangalie vizuri. Kwenye ile 1,200, mtu wa miaka 20 mpaka 29 ambaye hajaoa anapata 110 za umri, akifika 35 ni 77, akifika 40 zimebaki 50, na 45 ni zero kabisa. Mtu anayesema “ngoja nimalize kujenga kwanza njo niombe” inafaa ajue kila siku ya kuzaliwa inamkata.

Kuhusu barua ya bosi, zamani ilikuwa inaongeza pointi 50 ama hata 200, watu wakaanza kuuziwa barua za uongo kama mikate, na tarehe 25 Machi 2025 serikali ikaziondoa zote. Leo mtu akikuuzia “offre ya Canada” ati itapandisha pointi zako za foleni, anakuuzia kitu kilichokufa. Kinachopandisha kweli ni provinsi kukuchagua, hiyo inaleta 600 kwa mara moja, na hapo ni kama umeshaitwa.

Sasa hapa njo fasi ambayo watu wa kwetu hawaioni na inaniuma. Tangu 2023 Canada inavuta pia kwa makundi, na kundi moja ni la wanaojua Kifaransa, juu wanataka wasemaji wa Kifaransa waongezeke inje ya Québec. Mwaka 2024 mvuto wa kawaida ulikuwa unadai pointi zaidi ya 500, na wakati huo huo kundi la Kifaransa liliwahi kushuka mpaka 336. Ni tofauti kubwa sana! Mtu wa Lagos ama Nairobi anayetaka ile nafasi lazima aanze bonjour toka mwanzo, wewe ulikisoma tangu primaire, mwalimu alikuchapa juu ya hicho Kifaransa, na leo unaenda kutafuta inchi ambayo haikihesabii hata pointi moja.

Lakini “najua Kifaransa” na kuwa na NCLC 7 (ngazi ya 7 ya kipimo cha Kifaransa cha Canada) ni vitu viwili tofauti. Binti ya mama mukubwa alifanya TCF Canada, mtihani wa Kifaransa, bila kujitayarisha, alisema mi natumika hospitali kwa Kifaransa kila siku, watanifundisha nini. Matokeo yalikuja mangaribi, SNEL, watu wa umeme, ilikuwa imekata, tukaegemea ukuta wa inje tukasoma kwenye simu yangu: kusikiliza 511, kusoma 487, kusema 13, kuandika 9. Akaruka, akashika mikono ya mama yake. Mi nikanyamaza, juu nilikuwa nimeshasoma ile tablo, kuandika inatakiwa 10 ili ufike NCLC 7, na lile kundi linadai 7 kwenye vyote vinne, kusikiliza, kusoma, kusema, kuandika, ukikosa kimoja hauko. Pointi 1 tu. Tulirudilia maandishi yake ya mazoezi tukaona mambo yalipoharibika: ule mtihani wa kuandika ni kazi 3 ndani ya dakika 60 na kila kazi ina idadi ya maneno, yeye anaandika kama raporo ya zamu ya usiku, anaeleza yote, kazi ya kwanza ilimlia nusu ya saa, ya tatu haikufika mwisho. Miezi miwili kila usiku aliandika zile kazi 3 na saa ya simu ikihesabu mezani, mi namkata maneno yanayozidi. Mara ya pili alipata 11. Ule Kifaransa ni ule ule aliokuwa nao tangu mwanzo, kilichobadilika ni kwamba sasa anajua mtihani unataka nini.

Makuta sasa. Uzuri wa Canada ni kwamba kile unacholipa mbele ya kujua kama umeitwa ni kidogo: mtihani wa luga, na kulinganisha diplome (chuo chenyewe kwa kawaida njo kinatuma zile maki, si wewe, na ukijua sekretariat za vyuo vyetu anza mapema sana). Ile pesa nzito, zaidi ya dola 1,500 za Canada kwa mtu mkubwa mmoja, unalipa baada ya kuitwa. Lakini kuna akiba ya kuonyesha, na mwaka 2025 ilikuwa dola za Canada 15,263 kwa mtu mmoja na 28,362 kwa familia ya watu 4, iwe yako kweli, si ya kukopa kwa siku mbili ukairudisha. Wengi wetu tunakwama hapo, si kwenye pointi. Anayepita anaingia na karatasi za kukaa daima, yeye, bibi na watoto, na kesho yake akiona bosi anamkosea heshima anaweza kutafuta mwengine bila kumuuliza mtu, na hiyo hauipati kwenye nyingi ya zile inchi zingine ntakazozisema.

Mambo mawili tena kuhusu Canada mbele ya kuendelea. La kwanza, Québec inachagua watu wake yenyewe kwa mapatano ya 1991, iko na mfumo wake unaitwa Arrima, na ule mvuto wa Kifaransa wa Express Entry ni kwa watu wanaokusudia kukaa inje ya Québec. Karibu kila mtu hapa iko na tantine Montréal, kwa hiyo ujiamue mapema, usifungue dosie ya huku na moyo uko kule. La pili, kwa muuguzi, kuitwa na Canada si ruhusa ya kuchoma sindano. Kila provinsi iko na oda yake ya wauguzi inayopima masomo yako upya, na wengi wanaanza kama wasaidizi wa wagonjwa huku wakingoja. Binti ya mama mukubwa anajua hilo na amelikubali, lakini alijua baadaye, angepaswa kulijua mwanzoni.

Mlango mdogo wa Canada ambao hausemwi

Unaitwa Mobilité francophone. Huu si wa pointi, ni wa bosi, lakini bosi amerahisishiwa: hahitaji kuthibitisha kwamba alikosa Mkanada wa ile kazi, analipa dola 230 kwa serikali na kutuma ofa yake, basi. Kazi iwe inje ya Québec. Na luga wanayodai ni NCLC 5 ya kusema na kusikiliza peke yake, kuandika hawakuulizi. Kwa fundi kama mudogo wangu, mwenye mikono mizuri na maandishi mabaya, hii njo ilikuwa fasi yake tangu mwanzo. Ubaya wake ni ule wa milango yote ya bosi, permi ya kazi imefungwa kwa yule bosi mmoja na iko na mwisho, ingawa ukishatumika kule mwaka mmoja pointi zako za Express Entry zinapanda vizuri.

Ujerumani: pointi za kwenda kutafuta

Watu wanasikia “Ujerumani pia wameleta pointi” wanafikiri ni kama Canada. Haina vile. Ile kadi yao, Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024, na kile inachokupa ni mwaka mmoja wa kwenda kutafuta kazi ukiwa kule kule, na ruhusa ya kutumika saa 20 kwa wiki wakati unatafuta. Haikupi kukaa. Inafaa uwe na diplome ya chuo ama masomo ya ufundi ya angalau miaka 2 inayotambuliwa na serikali ya kwenu, na Kijerumani A1 ama Kiingereza B2 (ni ngazi za luga za Ulaya, A1 njo ya chini kabisa, C2 ya juu), hiyo ni ya kuingia mlangoni tu, halafu pointi 6.

Tulihesabu za mudogo wangu kwenye nyuma ya fakture ya maji. Ana miaka 31, chini ya 35 ni pointi 2. Uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 ya mwisho kwenye kazi aliyosomea, na graduat yake, ile diplome ya chuo ya miaka 3, ni pointi 3. Jumla 5. Ya sita anaipata akifika Kijerumani A2, ama Kiingereza C1 ambayo kwake ni mbali sana. Kifaransa chake? Zero. Kwa hiyo kwa karatasi yuko karibu kabisa, kilichobaki ni luga ambayo hapa Lubumbashi hausikii hata sokoni, na makuta: kwa 2025 walikuwa wanataka uonyeshe yuro 1,091 kwa mwezi kwa ule mwaka mzima, yaani yuro zaidi ya 13,000 zinazofungiwa kwenye konti. Akiba hiyo inazidi hata ile ya Canada ya mtu mmoja, tena Canada inakupa makaazi na Ujerumani inakupa miezi 12 ya kubisha milango.

Kwa nini basi kuna watu nawaambia Ujerumani? Juu Ujerumani wanaheshimu ufundi. Canada ukiwa fundi bila bosi wa huko pointi zako zinabaki chini, mfumo wao unapenda mtu wa chuo, wakati Ujerumani mtu aliyejifunza kazi ya mikono kwa utaratibu ni mtu. Na kuna njia ya bosi pia, kontra kwanza, viza baadaye, ambayo haidai ile akiba. Kwa wauguzi wanataka watu wengi lakini hakuna kutumika kama muuguzi mpaka diplome itambuliwe, na luga kwa kawaida B2. Tangu Machi 2024 kuna njia ya kufika na kontra na A2 ukamalizia utambuzi ukiwa huko. Mtu wa miaka 22 mwenye subira ya kukaa na Kijerumani miezi 18, mi namwambia aende huko bila kusita. Mtu wa 38 mwenye watoto 4, hapana.

Uingereza: jina ni pointi, kazi ni ya bosi

Uingereza wanaita mfumo wao wa pointi, unataka 70, na watu wanaanza kuhesabu umri na diplome. Hesabu zile haziko. Bosi mwenye leseni ni 20, kazi ya ngazi inayokubaliwa ni 20, mshahara ni 20, Kiingereza ni 10. Unaona wewe mwenyewe unaleta nini pale? Kiingereza. Vingine vyote ni vya bosi. Umri hauna pointi, hiyo ni nzuri kwa mtu wa 45, lakini bila bosi hauko na kitu, na tangu Julai 2025 mshahara wa kawaida unaodaiwa ulifika pauni 41,700 kwa mwaka, kazi za afya ziko na kipimo chao cha chini zaidi. Kiingereza nacho walikipandisha mpaka B2 mwanzoni mwa 2026.

Kuna jambo hapa lilitugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2022 Uingereza walifungua mlango kwa watu wa kutunza wazee, na habari ilifika mpaka hapa, mtu mmoja akapita kwenye hospitali akisema anaandikisha wauguzi. Binti ya mama mukubwa alimpa dola 600. Ule mlango, Machi 2024 walikataza kuja na bibi, bwana ama watoto, na tarehe 22 Julai 2025 waliufunga kwa wanaotoka inje. Yule mtu alikuwa bado anapokea makuta mwezi wa nane. Na kuna kitu kingine tungejua tungemfukuza siku ya kwanza: Kongo yetu iko kwenye ile orodha ya shirika la afya la dunia ya inchi zenye upungufu mkubwa wa watu wa afya, na Uingereza inakataza ajensi kuja kuandikisha wauguzi kwenye zile inchi. Wewe mwenyewe unaweza kuomba kazi ukiwa kwako, hakuna anayekuzuia, lakini anayekuja kwenye veranda ya hospitali yako na karatasi za kujaza, anavunja utaratibu wao kwa ule mwendo wenyewe. Orodha ya mabosi wenye leseni serikali ya Uingereza inaiweka wazi onlaini, unatafuta jina la ile kampuni, dakika 2, kama haliko hakuna viza.

Afrika Kusini: karibu, lakini si rahisi

Huku Lubumbashi wengi wanaanza na Afrika Kusini juu ni barabara, Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, Beitbridge, unafika. Kufika na kutumika kwa karatasi ni mambo mawili. Oktoba 2024 wao pia waliingia kwenye pointi kwa viza ya kazi, unatakiwa 100. Kazi yako ikiwa kwenye orodha yao ya ujuzi unaokosekana, unapata 100 zote mara moja, na mainjinia wa umeme wako humo. Kama haiko, unahesabiwa masomo, uzoefu, luga 10, bosi aliyeaminiwa na serikali 30, na mshahara: chini ya randi 650,796 kwa mwaka hupati kitu kwa upande wa mshahara, ukizidi 976,194 unapata 50. Mahesabu hayo yanasema wazi nani wanamtaka, injinia ndiyo, fundi wa kawaida hapana. Mudogo wangu ni fundi, si injinia, kwa hiyo tulifunga huo ukurasa siku ile ile. Lakini rafiki yake wa Polytechnique ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, mwenye shahada kamili na miaka 10 ya mgodini, mi nilimwambia aangalie huko mbele ya kuangalia Ulaya, kwa sababu uzoefu wake wa shaba huko wanaujua una thamani gani, na anaweza kurudi kuzika mtu wake kwa siku 3.

Qatar na Ghuba: haraka kufika, ngumu kuondoka

Hii njo karibu ilimchukua mudogo wangu. Alikuja na kontra ya kurasa 4, Kiingereza upande mmoja na Kiarabu upande mwengine, na kwenye nyumba nzima hakuna anayesoma vizuri hata upande mmoja. “Yaya, hawa habaulize pointi, habaulize luga, mwezi moja niko kule.” Ni kweli, hawaulizi, juu hawakuchagui wewe, wanachagua mikono. Mfumo wa Ghuba unaitwa kafala: bosi njo mdhamini wako, karatasi yako ya kukaa iko kwenye jina lake, na kwa miaka mingi hukuweza kubadili kazi ama hata kutoka inchini bila yeye kukubali. Qatar walilegeza mwaka 2020, sheria ikasema mfanyakazi anaweza kubadili bosi bila barua ya ruhusa, na wakaweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi. Ni hatua ya kweli, siikatai. Lakini karatasi bado zinapitia kwa bosi, na akikupigia ripoti kwamba umetoroka, wewe njo unayekimbia polisi.

Nilichukua kalamu nikamwonyesha kwenye ile kontra. Riyali 1,000 ni kama dola 275. Ajensi hapa ilikuwa inadai dola 1,200 za “kufungua dosie”, yaani zaidi ya miezi 4 ya mshahara mzima bila kula, na alikuwa anataka kuuza ile pikipiki inayomlipia shule ya watoto wawili. Kontra ilisema kazi ni “helper”, msaidizi tu, si fundi wa umeme, nikamuuliza huyu helper ni wewe? Akanyamaza muda mrefu sana. Kwa familia kule, viza ya kuleta bibi inafungamana na mshahara mkubwa kuliko huo, kwa hiyo angebaki peke yake miaka 2. Siwezi kusema hakuna mtu anayefaulu Ghuba, naona nyumba za ghorofa zilizojengwa na makuta ya huko. Nasema usiende kwa kontra ambayo haujasomewa neno kwa neno, wala kwa makuta ya kuuza kile kinachokulisha leo.

Amerika na Korea, kwa ufupi

Loteri ya Amerika ya green card kila mtu anaijua, viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, diplome d'État ya kumaliza sekondari inatosha, na kushinda si kupata viza, juu wanachagua watu wengi kuliko viza zilizopo na zikiisha, ama tarehe 30 Septemba ikipita, basi imeisha. Desemba 2025 serikali ya Trump ilitangaza kuusimamisha ule mpango. Njia yao ya kazi za ujuzi, H-1B, ni bosi na kura pamoja, na Septemba 2025 waliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio inje. Mi sijengi maisha ya mtu juu ya kura. Korea ya Kusini wao wanachukua wafanyakazi wa viwanda tangu 2004 kwa mapatano ya serikali na serikali, inchi kama 16 hivi, zote za Asia. Kongo haiko, kwa hiyo anayekuandikisha kwa viwanda vya Korea kwa ile njia, mwambie arudishe makuta leo.

Nilivyowaambia wale wawili

Binti ya mama mukubwa ana miaka 29, A1, Kifaransa 7 kwenye vyote vinne, hana mtoto. Kwake sikuona hata sababu ya kubishana, Canada, kundi la Kifaransa, inje ya Québec, na aanze kuandikia oda ya wauguzi ya provinsi moja sasa hivi huku anangoja. Atatimiza 30 mwezi wa kumi na moja na pointi zake za umri zitaanza kushuka, kwa hiyo zile maki za ISTM tunazifuatilia kila juma tatu asubuhi kwa miguu, mi na yeye, tunakaa kwenye benchi la sekretariat mpaka mtu atoke.

Mudogo wangu alikuwa na milango miwili ya kweli: Mobilité francophone, na Chancenkarte. Ujerumani pointi anazo karibu zote lakini zile yuro 13,000 hana, na kuzipata angeuza kiwanja. Canada hahitaji ile akiba kwa permi ya bosi, anahitaji bosi, na bosi anatafutwa kwa CV nzuri na subira ya miezi mingi bila kulipa mtu yeyote, juu bosi wa kweli haombi makuta kwa anayeajiriwa. Yeye alitaka jibu la mwezi moja, mi nikamwambia pikipiki isiuzwe, tujipe mwaka.

Ile kontra ya Qatar bado iko kwenye sanduku lake, hakuitupa. Lakini tangu wiki 3 anakuja jioni akitoka kazini, bado na vumbi la mgodi kwenye viatu, tunafanya mazoezi ya kusema, mi najifanya mtu wa mtihani, yeye ananieleza kwa Kifaransa namna ya kukata moto kwenye kabati ya umeme mbele ya kugusa waya, hatua kwa hatua. Siku ya kwanza alimaliza kwa sentensi 3. Jana nilimsimamisha mimi, muda ulikuwa umeisha.